Nakala moja ya SHANK3 imepotea: kwa nini iliyobaki haitoshi?

SWALI: Binti yangu wa miaka 5 ana usonji. Vipimo vimeonyesha kipande cha kromosomu 22, eneo la 22q13, kimekatika na jeni ya SHANK3 imepotea upande mmoja. Nakala ya pili ni nzima. Mbona haimtoshi? – Mama

JIBU: Pole kwa safari ndefu ya vipimo, mama. Haitoshi kwa sababu hapa kinachohesabika ni kiasi. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, hurudia kazi yake tena na tena, hivyo nusu yake mara nyingi hutosha. Jeni ya SHANK3 hutengeneza protini ya jina hilo hilo, ambayo ni ya kiunzi, yaani ya kushikilia nyingine mahali pake: kila molekuli hushika nafasi moja, na nafasi isiyojazwa hubaki wazi.

Nafasi hizo ziko kwenye sinapsi, pale nyuroni (seli ya neva) moja inapoipelekea nyingine ujumbe wa glutameti, kemikali ya mawasiliano, kuvuka mwanya wa nanomita kama 20. Upande wa kupokea, chini ya utando, SHANK3 hushika protini nyingine iitwayo SAPAP. SAPAP hushika protini ya tatu, PSD-95. Nayo PSD-95 hushikilia vipokezi vya NMDA, vinavyopokea glutameti, pamoja na protini ya nyuroligini, ambayo hushikana na mwenzake nyureksini wa ng'ambo ya mwanya. Sehemu nyingine ya SHANK3 hushika protini mbili: Homer, iliyoungana na mGluR5, kipokezi kingine cha glutameti, na kotaktini, inayofunga yote kwenye nyuzi za aktini, kiunzi cha ndani ya seli. SHANK3 ikipungua, mnyororo hulegea na ujumbe hupokewa kwa udhaifu. Kundi la Thomas Bourgeron, Taasisi ya Pasteur, Paris, liliripoti hitilafu za nyuroligini mwaka 2003 na za SHANK3 mwaka 2007: viungo viwili vya mnyororo huo huo.

Kuzidisha nako kunadhuru. Panya waliozidishiwa SHANK3 walipata degedege. Mwaka 2016 maabara ya Guoping Feng, katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, iliirudisha jeni hiyo katika panya waliokwisha kukomaa. Walichangamana zaidi na kuacha kujikwaruza mno, lakini hofu na mwendo vilirekebika pale tu iliporudishwa wangali wachanga.

Sasa muulize daktari: je, kromosomu zake zilitazamwa kwa hadubini? Kipimo kinachohesabu vipande vya kromosomu hakioni umbo lake. Kromosomu 22 ikiwa imejikunja pete, hupotea kirahisi seli zikigawanyika, na jeni ya NF2 inayozuia uvimbe wa neva, iliyomo humo humo, hupotea nayo. Ikiwa ni pete, atahitaji kufuatiliwa miaka mingi. Nanyi wazazi mpimwe kabla ya mimba nyingine, maana mzazi mzima wa afya anaweza kubeba kromosomu zilizobadilishana vipande. Figo zipigwe ultrasaundi, na akizubaa ghafla apimwe EEG, kipimo cha umeme wa ubongo.