Muulize Mzee wa Mitambo: Bando limekata, mtu bado yuko msituni

Swali

Shikamoo Mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea huku Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Mtu akipotea msituni huwa tunaitwa. Mwaka jana tulipewa msaada wa kifaa cha intaneti ya setilaiti, kile cha ukubwa wa kompyuta mpakato, pamoja na bando la MB 200. Mwezi uliopita alipotea mzee mmoja wa hapa kijijini. Tulikipandisha kifaa kambini, tukakiwasha jioni. Kufika saa nne usiku bando limekwisha, na hakuna anayekiri kuwa aliangalia video. Mzee alipatikana asubuhi, mzima, lakini sisi wa chini tulipata habari saa nane mchana, vijana wanakaribia kufika naye kwa machela. Tununue bando kubwa zaidi?

Katibu, Mang'ula

Jibu

Marahaba, Katibu. Poleni, na hongereni kwa kumrudisha mzee kwao.

Usinunue kwanza. Nawaamini vijana wako kwamba hawakuangalia video. Simu zao ndizo zilizokula. Simu ikiona Wi-Fi inadhani imefika mjini: inashusha masasisho ya programu, inapeleka picha za jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, inapakua kila video ya kila kundi la WhatsApp. Simu sita kambini na MB 200 hazilali pamoja. Badilisha nenosiri leo, lijue wewe na msaidizi wako tu. Kambini iunganishwe simu moja, iliyozimwa masasisho na upakuaji wa picha. Zilizobaki zikae mfukoni.

Picha moja ya kamera ya simu inaweza kufika MB 3. Ujumbe wa herufi 160 ni kama baiti 160. Kwa maandishi matupu, picha hiyo moja ni sawa na jumbe zaidi ya elfu kumi na nane. Na daktari aliyeko chini anataka kujua kama mtu anapumua vizuri, anaongea, ameumia wapi. Hayo yote yanaenea kwenye mistari miwili.

Sasa eneo, ambalo hapo nina kovu. Miaka ile nikikaa redioni, kijana aliyekuwa juu ya mlima alinisomea latitudo: "Saba, arobaini na nane, thelathini." Nikaandika digrii 7, dakika 48, sekunde 30. Kumbe kifaa chake kilionyesha dakika 48.30, yaani nukta, hakuna sekunde. Sekunde 30 ni nusu dakika, yaani 0.5, kwa hiyo tofauti ni dakika 0.2, na dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Piga hesabu: mita 370. Barabarani ni mwendo wa dakika tano. Kwenye msitu kama wenu ni korongo jingine kabisa, na watu wanne walishuka korongo lisilo lake, wakapanda tena usiku. Tangu siku ile nadai mtindo mmoja kwa kila kifaa, digrii zenye nukta, na anayepokea ausome tena kwa sauti mpaka aliyetuma aseme "ndiyo". Andikeni kwa kalamu kwenye ganda la kifaa: latitudo ya KUSINI ina alama ya kutoa (-). Msicheke, husahaulika.

Kuhusu kukiweka: setilaiti ya kifaa cha namna hiyo imesimama juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka hapo ulipo. Haihami, kwa hiyo anga ya upande wake ikizibwa na mlima au majani mabichi, hata ungoje mpaka kesho haitakuja. Kile kidude kidogo cha mkononi cha kutuma ujumbe ni kitu kingine: setilaiti za mtandao wa Iridium hupita chini, kama kilomita 780, zikikatiza anga kwa dakika chache, ndiyo maana ukiwa korongoni ujumbe hukwama kisha huondoka wenyewe. Cha kwenu hakina bahati hiyo. Kikae mgongoni mwa mlima, palipo wazi, na mtu mmoja asiyeondoka. Wanaoshuka korongoni wabebe redio za mkononi, wamweleze yeye, yeye ndiye aandike na kutuma. Mngekuwa na mtu huyo asubuhi ile, na bando lingali lipo, habari ingefika kabla machela haijafungwa.

Kiwasheni kwa saa: dakika kumi kila saa kamili, kisha zimeni. Betri itawashukuru, na mtu wa chini atajua lini asubiri. Mkipiga simu ya sauti, sema, nyamaza, hesabu moja mbili. Sauti inachelewa, na wawili mkidandiana hamtasikilizana.

Kabla ya yote, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kifaa kimesajiliwa. Msaada mara nyingi huja bila karatasi.