Kuhusu meli ya Mholanzi, na MV Bukoba

Mwanangu,

Umeniuliza kama hadithi ya meli ya Mholanzi mnayosimuliana hapo chuo cha ubaharia ina ukweli, na kama ni kweli anavyosema mwenzako kwamba hata MV Bukoba, ile meli ya abiria iliyozama, huonekana Ziwa Victoria usiku, taa zikiwaka. Hayo ni maswali mawili, na mama yako hawezi kuyajibu kwa pumzi moja.

Ya Mholanzi naipenda. Nahodha wake, ambaye wengi humwita Van der Decken, alikumbana na dhoruba Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, akaapa kuizunguka hata ikibidi asafiri mpaka Siku ya Kiyama. Kiapo kikamshika. Hafiki bandari yoyote, na baharia anayeiona meli yake huhesabu kwamba msiba u njiani. Sishangai kisa hiki kuzaliwa pale: meli za Waholanzi zilipita rasi hiyo kwenda Batavia, Jakarta ya leo, na nyingine hazikurudi. Aliyebaki nyumbani hakuwa na kaburi la kulilia.

Kisa kimesafiri kuliko meli yenyewe. Mwaka 1839 mtunzi wa muziki wa Ujerumani, Richard Wagner, alipigwa na dhoruba baharini akielekea London. Mwaka 1843 opera yake juu ya Mholanzi huyo ilichezwa Dresden. Humo nahodha hushuka pwani kila baada ya miaka 7 kutafuta mwanamke atakayekuwa mwaminifu kwake hadi kufa. Hata kumbukumbu za safari ya mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George V zinasema meli hiyo ilionekana mwaka 1881 upande wa Australia, ikiwaka mwanga mwekundu.

Wanaosema wameiona si wote waongo. Hewa baridi ikilala juu ya maji na ya joto ikaifunika, mwanga hupinda, na chombo kilicho mbali huonekana kimeinuliwa angani, pengine kichwa chini miguu juu.

Lakini MV Bukoba, mwanangu, hapana. Hiyo ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, Mwanza ikiwa imeshakaribia. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Ilipopinduka, waliokwama ndani walikuwa bado hai; ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikaenda chini nao. Mamia walikufa. Rais Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo, na hapa Mwanza kila mtaa ulikuwa na turubai la msiba. Wale walikuwa wafanyabiashara, wanafunzi, akina mama na watoto mgongoni. Hakuna aliyeapa kiapo, hakuna aliyelaaniwa. Ukiifanya meli ya mizimu, watu wanaacha kuuliza nani aliruhusu iondoke vile, na wewe ndiye utakayekuja kusimama kwenye ngazi ya meli ukihesabu abiria.

Na hizo taa? Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, mtumbwi baada ya mtumbwi, na ukiwa ufukweni utadhani chombo kimoja kirefu. Wewe umezaliwa Kirumba, unazijua.

Ukija likizo tutapanda daladala hadi Igoma, kwenye mnara na makaburi yao. Mwenzako akipata nauli, mje naye. Atalala chumba cha kaka yako.

Mama yako