Kutoka wodini hadi kitengo cha ubora: ushauri kwa muuguzi mwenzangu

Usiku mmoja, nikiwa bado mgeni kazini, nilivunja shingo ya ampuli, kile kichupa kidogo cha dawa ya sindano, nikiamini ni maji ya sindano ya kuyeyushia dawa ya unga. Kabla ya kuvuta nikasoma lebo tena: potasiamu kloraidi. Ampuli zote mbili zilikuwa za mililita 10, hazina rangi, na zililala katika trei moja. Potasiamu hiyo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa kwenye dripu, moyo husimama. Sikumwambia mtu, kwa kuogopa barua ya onyo, na ukimya ule unaniuma kuliko kosa lenyewe, kwa sababu wenzangu wa zamu ya asubuhi waliikuta trei vilevile.

Kwa hiyo wauguzi wanaponiuliza waanzie wapi ili waingie katika kazi ya ubora wa huduma na usalama wa mgonjwa, huwaambia waanze na trei ya wodini kwao, cheti kitafuata. Kwetu Tanzania mlango upo tangu Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilipoanza kutumia S tano za Kijapani, mbinu ya kuboresha mahali pa kazi kwa hatua tano, mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wengi huzichukulia kuwa ni kupanga kabati na kuchora mistari sakafuni siku ya ukaguzi (nami nimechora mingi), ilhali kuiondoa potasiamu wodini na kuikabidhi famasia ndiko kusasambua kwenyewe.

Chagua tatizo moja, kisha ulihesabu. Pitia kadi za matibabu za mwezi mzima, uhesabu dozi zilizorukwa na saa zake, kwani mganga mfawidhi anayepuuza malalamiko yako atainama kusoma daftari lenye namba. Jifunze pia kuchunguza tukio bila kumsaka mkosaji: uliza zamu ile ilikuwa na wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, taa ilikuwa inawaka, dawa ilihifadhiwa wapi. Na usiache kabisa kuingia zamu, kwa maana ofisa wa ubora anayeijua wodi kwa njia ya fomu tu huongeza fomu.

Nilipokabidhiwa kitengo, jambo la kwanza nililoomba ni kufuta nafasi ya jina katika fomu ya kuripoti matukio. Ripoti ya kwanza kuingia niliiandika mwenyewe, ya ile ampuli, ikiwa imechelewa miaka sita.