Skana haitunzi karatasi: jibu kwa mshauri wa komini

SWALI: Mimi ni mshauri wa komini hapa Lubumbashi, nilichaguliwa Desemba 2023. Komini yetu ina chumba cha maktaba ambacho wanafunzi wanakijaza wakati wa kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Nyuma yake kuna depo yenye vitabu vya eta sivili (vya kuandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo) na makaratasi ya utawala, mengine ya kabla ya uhuru, pamoja na vitu vichache vya wazee. Paa linavuja na mchwa wameingia. Kampuni moja imetuletea pendekezo: itaskani kila kitu kwa miezi mitatu na kutuachia diski mbili. Kisha makaratasi yatachomwa, na vyumba vyote viwili vitapangishwa kama maduka. Kodi ya maduka ndiyo italipia "maktaba ya kidijitali". Wenzangu wengi wanaunga mkono kwa sababu komini haina feza. Tukubali? Na tukikataa, feza za kila mwaka zitoke wapi?

JIBU: Jambo sana, mama mshauri.

Msikubali. Skanini mkitaka, na pengine itawafaa, lakini karatasi hata moja isichomwe. Pendekezo la namna hii linanifikia mara kwa mara, leo kutoka komini, kesho kutoka parokia au shule, na kila mara ndani yake mna imani ileile: kwamba ukurasa ukishapigwa picha umeshatunzwa. Si kweli, na imani hiyo imeharibu zaidi ya mchwa.

Kupiga picha ni kuzaa nakala, na nakala nayo inataka kulishwa. Karatasi nzuri ya miaka ya 1930, ikiwekwa pakavu na mbali na sakafu, inaweza kukaa miongo mizima bila mtu kuigusa, na siku ukiifungua inasomeka. Diski haina uvumilivu huo. Baada ya miaka mitatu hadi mitano ya kazi ya kawaida, mtunzaji makini huanza kuishuku na kuhamisha yaliyomo. Anakagua kama yamehama salama, na baada ya miaka michache anaanza upya. Kanuni ya chini kabisa ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Diski mbili ndani ya kabati moja ni sawa na diski moja, maana mwizi au moto utazichukua pamoja. Hapo bado sijataja umeme wa SNEL unaokatika na kurudi kwa nguvu isiyo ya kawaida, wala vumbi jekundu la kiangazi linaloingia kila mahali katika mji huu. Nani atanunua diski mpya mwaka 2031? Someni pendekezo hilo mstari kwa mstari mtafute jibu. Kama halipo, mnauziwa mwanzo wa kazi kwa bei ya kazi nzima.

Hata wenye uwezo wanaumia. Mnamo Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni waliotaka kulipwa. Katalogi yake ya intaneti haikurudi hadi Januari 2024, nayo ilirudi kwa sehemu tu, na huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi. Kilichowaokoa ni kwamba vitabu vyenyewe vilibaki rafuni. Komini inayochoma makaratasi yake inajinyima kinga hiyo kwa mkono wake.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawa hawaligusi. Picha elfu hamsini zinazoitwa "scan0001", "scan0002" hazimsaidii mtu yeyote. Kazi kubwa ni kusoma kila ukurasa na kuandika jina, mwaka, namba ya tendo, yaani hati iliyoandikishwa, na kitabu lilimotoka. Vitabu vya zamani vimeandikwa kwa mkono. Jina moja karani huyu analiandika hivi, karani mwingine vile, na kuna akina Ilunga na akina Kabwe wasiohesabika. Kazi hiyo inataka mtu anayeijua historia ya mji na mwenye subira, wala haimaliziki kwa miezi mitatu. Bei mliyopewa ni bei ya kubonyeza kitufe.

Na wakati mnaamua, mkumbuke kitabu cha eta sivili ni cha kazi gani. Mkaaji akija kutafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa, afisa anafungua kitabu. Cheti kikitiliwa shaka mahakamani, kinacholinganishwa nacho ni kitabu. Kisipokuwepo, raia anatumwa kutafuta hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti, na gharama na siku za kuzunguka ni zake, wala si za komini iliyopoteza kitabu. Watu wa Lubumbashi wanalielewa hili bila kufundishwa. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, ilipoanzisha mpango wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi, na miaka ya utumishi ya mtu inahesabiwa kwa yaliyomo kwenye faili lake. Mafaili ya namna hiyohiyo ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ndiyo yaliyowawezesha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu mbele yao, kuandika maisha ya wafanyakazi wa migodi. Bila makaratasi yale tungebaki na yale tu ambayo wakubwa walitaka kuyasema.

Kisha kuna sheria. Hifadhi za nyaraka nchini Kongo zina sheria yake, namba 78-013 ya tarehe 11 Julai 1978. Kabla mtu hajawasha kiberiti, baraza liisome na lipate kwa maandishi neno la wenye mamlaka juu ya nyaraka za Serikali. Komini ni mtunzaji wa vitabu vile. Haina haki ya kuvifanya kuni.

Sasa feza. Sentensi "komini haina feza" naiheshimu pale tu inapotoka kwa mtu aliyeshika bajeti mkononi. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, komini ya mjini ina bajeti yake. Feza zake ni za aina tatu, na kila aina ina tabia yake. Kuna zile mnazokusanya wenyewe, za soko na ushuru mwingine: ni ndogo, lakini zinaingia kila wiki. Kuna zile zinazoshuka kutoka Kinshasa kupitia jimbo. Kwenye karatasi ni sehemu nene, lakini huchelewa na pengine hazifiki. Na kuna mrabaha wa madini, yaani sehemu ambayo makampuni yanalipa kwa madini wanayochimba. Tangu kanuni ya madini iliporekebishwa Machi 2018, mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 50 Serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini, sekta au chefferie (eneo la chifu) ambayo uchimbaji unafanyika kwenye ardhi yake, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Si kila komini ya Lubumbashi ina mgodi. Ulizeni kama yenu inapata kitu, na kama inapata, kiasi gani kiliingia mwaka jana.

Baada ya hapo tenganisheni matumizi. Mshahara wa watu wawili, mlinzi, balbu, ufagio, vitabu vipya vichache na kusafisha mifereji ya paa ni mambo ya kila mwezi. Yategemee ushuru mnaokusanya wenyewe, hata kama ni kidogo, kwa sababu unajua utaingia. Paa jipya, rafu za chuma, masanduku na hiyo skana ni mambo ya mara moja. Hayo yanaweza kungoja mrabaha, jimbo au mfadhili. Kosa ninaloliona kila siku ni kugeuza mpango huu kichwa chini: mfadhili analipa mishahara, na siku mradi unapoisha mlango unafungwa huku kompyuta mpya zikiwa bado kwenye maboksi.

Mstari wa bajeti uwe na jina lake: maktaba na hifadhi ya nyaraka. Usikubali ufichwe chini ya "utamaduni na michezo". Napenda mpira kama mkaaji yeyote wa mji wa Mazembe, lakini feza zikiwa kwenye sanduku moja, kila mwaka ni jezi zinazonunuliwa. Mstari mdogo wenye jina unaweza kutetewa barazani, na mwisho wa mwaka mshauri ana haki ya kuuliza ulitumika vipi. Mpango wa maduka hauna ulinzi huo. Kodi yake itaingia katika kasha la jumla la komini, mkuu anayefuata ataitumia kwa dharura yake, na nyinyi mtakuwa mmeshapoteza vyumba.

Msiwatoze wanafunzi kiingilio pia. Ilani ya UNESCO na IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, kuhusu maktaba za umma, ya 1994 iliyoandikwa upya 2022, inasema maktaba ya umma ni jukumu la Serikali za mitaa na za kitaifa, na kwa msingi ni bure. Kiingilio kinaleta vifranka vichache na kumfukuza yule mtoto ambaye nyumbani hana meza wala taa.

Mtunza nyaraka aliyesomea kazi hii ni ghali kwa komini moja. Lakini mji una komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Mkishirikiana na ofisi ya meya, mtu mmoja mwenye ujuzi anaweza kuzunguka komini zote, kupanga kazi na kufundisha makarani. Chuo kikuu kina wanafunzi wa historia wanaohitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Waandikieni rasmi.

Vile vitu vya wazee mlivyonavyo msivifungulie makumbusho. Makumbusho ya taifa yapo hapahapa mjini. Tengenezeni hati ya kuviweka huko kwa amana, yenye orodha na picha, inayoeleza wazi mwenyewe ni nani. Na kama kuna misalaba ya shaba ya kale, ile iliyotumika kama feza Katanga, asitokee mtu akaisugua kwa ndimu ili ing'ae. Rangi ile ya nje ni sehemu ya historia yake, na ikiondoka hairudi.

Kuhusu depo, paa na mifereji vimalizwe kabla ya mvua za Novemba. Toeni makaratasi sakafuni: rafu za chuma, ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu, na rafu zisiegemee ukuta wa nje. Nunueni kipimo cha unyevu, ni chombo kidogo cha bei nafuu. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa siku nyingi, kuvu itaota. Karatasi iliyokwisha kuota kuvu itengwe, ikaushwe kivulini, ipigwe brashi nje na mtu aliyevaa barakoa. Mchwa wafuatwe kwenye njia zao za udongo ukutani hadi wanapoingilia, na dawa iwekwe ardhini kuzunguka jengo na mtu anayeijua kazi hiyo. Kuna watu wanaopita maofisini wakiuza unga wa kunyunyizia vitabu vyenyewe. Wafukuzeni. Sumu ile inabaki kwenye kurasa, na anayeivuta ni karani na mwanafunzi, kwa miaka.

Wengine wanauza kuplastifia vyeti, na hapa nasema na kila mwenye nyumba, wala si washauri peke yao. Joto la ile mashine linagandisha karatasi ndani ya plastiki, na huwezi kuitoa tena bila kuichana. Skochi nayo inageuka njano na kula wino. Cheti cha ndoa cha wazazi wako, karatasi ya kiwanja, kitabu cha kazi cha babu kiweke ndani ya bahasha safi, pakavu, gizani. Kipige picha na simu, ndiyo, umtumie nduguyo aliye Likasi au Kolwezi, kisha urudishe karatasi kwenye bahasha.

Kampuni ikirudi mbele ya baraza, msibishane nayo kuhusu bei. Iambieni ilete kazi iliyomkabidhi mteja miaka mitano iliyopita, iifungue hapo mbele yenu, na itafute jina moja ambalo mteja huyo amelichagua mwenyewe.