Wasomaji Wauliza: Pikipiki ya Umeme kwa Milima ya Machame

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Naishi Machame, jirani na lango la kupandia Mlima Kilimanjaro, na shughuli zangu ziko Moshi mjini. Nataka pikipiki ya umeme ya njia mbovu. Nimeona ya bei nafuu ya volti 60, ampea-saa 27, mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma, imeandikwa wati 5,000. Nyingine ni volti 72, ampea-saa 40, mota ya katikati yenye cheni, bei karibu mara mbili. Ile ya kwanza haitanitosha?

JIBU: Haitakutosha, ndugu msomaji. Ingekuwa unazungukia mjini na tambarare za mashamba ya miwa ya TPC, tungekwambia uichukue.

Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. Ya kwanza ina wati-saa 1,620, ya pili 2,880. Wewe, pikipiki na mzigo tuseme ni kilo 150, na kutoka mjini hadi langoni unapanda karibu mita 900. Kupanda peke yake kutakula wati-saa kama 490, ukihesabu umeme unaopotea kwenye mota na kontrola, kile kifaa kinachoipimia mota umeme. Kwa mwendo wenyewe ongeza wati-saa 30 kwa kila kilomita, kwa kilomita kama 30, unafika 1,390. Betri ya ile ya kwanza, isiposhushwa chini ya asilimia 20, inakupa 1,296 tu. Na hapo hatujahesabu safari ya asubuhi.

Zile wati 5,000 ni nguvu ya kilele, ya muda mfupi. Muulize muuzaji wati za kudumu, zile ambazo mota huzitoa mfululizo. Mwinuko wa asilimia 15 kwa kilomita 20 kwa saa unadai karibu wati 1,800 mfululizo. Mota ya ndani ya gurudumu ikienda polepole chini ya mzigo hugeuza umeme mwingi kuwa joto, na joto hilo halina pa kutokea: waya huungua, sumaku hudhoofika. Ya cheni unaweza kuibadilishia sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) uweke yenye meno mengi zaidi; utapoteza mwendo kidogo, utapata nguvu ya mlima.

Kabla ya kulipa, ipandishe mlimani dakika 10 ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Volti zikiporomoka unapokaza eksileta na kurudi ukiachia, betri hiyo ni dhaifu, iache dukani.

Breki usizifanyie mzaha. Unateremka asubuhi na betri imejaa, kwa hiyo mota haiwezi kukusaidia kupunguza mwendo, maana umeme inaouzalisha ikikuzuia hauna pa kwenda. Dai diski za mafuta mbele na nyuma.

SWALI: Nachaji mara tu nikifika nyumbani. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Baada ya mlima betri ni ya moto. Isubiri ipoe hadi uisikie baridi mkononi. Tumia chaja yake yenyewe: pakiti za lithiamu za volti 60 hazijazwi zote kwa kiwango kimoja, na chaja ya kuazima yaweza kuipitiliza.