Sato wa barafu kwenye meza ya harusi

SWALI: Napika kwenye sherehe hapa Mwanza. Nilipoona picha za sanamu za barafu za tamasha la Harbin, China, zinavyong'aa kama kioo, nikajaribu kuchonga sato wa kupamba meza. Pande likatoka jeupe katikati, na patasi ilipogusa tu likapasuka. Nakosea wapi?
Mpishi, Kirumba

JIBU: Friza linagandisha maji pande zote kwa pamoja, hivyo hewa na chumvichumvi hukimbilia katikati na kunaswa humo. Barafu ya Harbin hukatwa mto Songhua, unaoganda kutoka juu kwenda chini. Uchafu unasukumwa chini. Iga mto huo. Chukua deli la lita 30 (lisugue kweli, harufu ya dagaa haifichiki), jaza maji ukiacha vidole vitatu, kwani yakiganda huongezeka kama asilimia 9. Weka ndani ya friza bila mfuniko, ili yagande kutoka juu. Kuchemsha maji kwanza kunasaidia kidogo tu, usimalize mkaa. Chungulia kila siku, ulitoe deli wakati robo ya chini bado ni maji, uyamwage.

Kupasuka ni haraka yako. Barafu ikitoka friza moja kwa moja kwenye joto, uso unatanuka na kiini bado kimekaza. Iache kivulini hadi ukungu mweupe juu yake uishe na uso ulowane, ndipo ushike msumeno, kisha patasi. Mkia usipungue sentimita 5, ndio unaotangulia kuyeyuka. Chini weka trei yenye tundu na mpira hadi kwenye ndoo: kilo 20 za barafu ni lita 20 za maji sakafuni.