Sikio: anza na swali, majina yatafuata

Wengi wanaoanza masomo ya afya huliingia sikio kwa kukariri majina: nyundo, fuawe, kikuku, koklea. Mtihani wanaufaulu, lakini mgonjwa wa kwanza akisema "sisikii vizuri", hawajui tatizo walitafute wapi. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na ninaowaona wakilishika haraka ni wale wanaoanza na swali moja: sauti iliyo hewani inaingiaje kwenye majimaji?

Maana huko ndiko iendako. Seli zinazopokea sauti ziko ndani ya koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa kama konokono, na koklea imejaa majimaji. Sauti inayosafiri hewani ikigonga uso wa maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Hupenya takriban sehemu moja tu kati ya 1,000. Ndiyo maana aliyepiga mbizi hamsikii vizuri anayemwita kutoka ukingoni. Sikio la kati, yaani sehemu iliyo kati ya ngoma ya sikio na koklea, lipo ili kulimaliza tatizo hilo, na ukishalielewa hivyo hutahitaji kukariri kwa nini mifupa yake (nyundo, fuawe na kikuku) ni mitatu na kwa nini imekaa vile.

Fuatana na mtetemo. Ngoma ya sikio ina eneo linalotetema la takriban milimita za mraba 55. Wayo wa kikuku, unaosukuma majimaji ya koklea, una kama 3.2 tu. Nguvu iliyokusanywa kwenye eneo kubwa inamiminwa kwenye eneo dogo, na shinikizo linapanda mara 17 hivi. Isitoshe, mkono wa nyundo ni mrefu kidogo kuliko wa fuawe, kwa hiyo mifupa hii hufanya kazi kama wenzo na kuongeza nguvu kwa mara 1.3. Jumla yake ni karibu mara 22. Kazi yote hiyo inamalizikia kwenye kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, wenye urefu wa milimita 3 hivi. Chora sehemu hii kwa mkono wako mwenyewe na uandike vipimo pembeni. Mchoro wa kitabuni hautakufundisha kama huo.

Sikio la nje halitakusumbua: linakusanya sauti, linasaidia kujua imetoka upande gani, na mfereji wake una kama sentimita 2.5 kwa mtu mzima. Usiuruke tu mrija wa Eustachi, unaounganisha sikio la kati na koo, na unaofunguka tunapomeza au kupiga miayo ili hewa iwe sawa pande zote mbili za ngoma. Kwa watoto wadogo ni mfupi na umelala zaidi, ndiyo maana mafua yao huishia masikioni mara nyingi.

Sasa koklea, na hapa nakuomba usiharakishe. Imejiviringa kama mara mbili na nusu. Ingenyooshwa ingefika milimita 35 hivi. Ndani yake umetandazwa utando ulio mwembamba na mkakamavu mwanzoni, mpana na mlegevu mwishoni. Sauti kali na nyembamba huutikisa zaidi karibu na mwanzo, sauti nzito huutikisa kule ncha. Mwanafizikia Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi linavyosafiri humo. Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo: za safu ya ndani, kama 3,500, ndizo hasa zinazopeleka habari kwenye ubongo; za nje, kama 12,000, hujikunja na kujinyoosha ili kukuza sauti hafifu. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena.

Yaunganishe hayo na mgonjwa. Umri na makelele huanza kuua seli za mwanzoni mwa koklea, zile za sauti nyembamba. Konsonanti kama s, f na sh zinategemea sauti hizo. Basi mzee akikwambia "nasikia mnaongea lakini sielewi", mwamini: irabu zinamfikia, ila "fika" na "shika" kwake zimeshakuwa kitu kimoja. Kumpigia kelele hakumsaidii sana. Mkabili, aone midomo yako, useme taratibu.

Jifanyie na jaribio hili. Ziba sikio moja kwa kidole, kisha vumisha sauti huku umefunga mdomo. Mvumo utahamia upande ulioziba, kwa sababu mtetemo unaopita kwenye mfupa wa fuvu umezuiwa kutokea mferejini. Uma wa sauti (uma wa chuma unaovuma ukigongwa) wa 512 Hz, yaani mitetemo 512 kwa sekunde, ukiwekwa katikati ya paji la uso hufuata kanuni hiyo: tatizo likiwa la njia, yaani nta, ngoma au mifupa, mgonjwa husikia zaidi kwenye sikio bovu, likiwa la koklea au neva, husikia zaidi kwenye sikio zima. Mwulize "unasikia upande gani?" bila kumdokezea jibu, kwa kuwa wengi hudhani wanapaswa kutaja sikio zima.